Mzee wa Mto Miramichi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo imepigwa chapa kwa ombi la Halmashauri.)



Bwana Katibu aliniomba niseme juu ya maisha ya mtumishi baada ya kustaafu. Mimi ningali mgeni katika maisha hayo, kwa hiyo nitawapa habari za mzee mmoja ayajuaye kuliko mimi. Mzee huyo si karani, wala hakukaa ofisini hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wavuvi.

Mwaka 2022 nilikwenda Kanada kumtazama binti yangu, akaaye katika jimbo la New Brunswick. Huko upo mto uitwao Miramichi, nao wamwaga maji yake katika Ghuba ya St. Lawrence. Watu wa kabila la Mi'kmaq walivua humo tangu kale, kabla Wazungu hawajafika. Samaki aliyeupatia mto ule sifa ni samoni. Nasi Afrika ya Mashariki twamjua ndugu yake, trauti, aliyeletwa Kenya mwaka 1905 akatiwa katika mito baridi ya milima ya Aberdare.

Mambo ya samoni ni ya ajabu. Huzaliwa katika changarawe za mtoni, hukaa humo miaka miwili au mitatu, kisha hushuka baharini akaenda mbali, hata pwani ya Greenland, kutafuta chakula. Akisha kukomaa hurudi, na kwa kawaida hurudi katika mto ule ule alimozaliwa. Tena akiisha kuingia mtoni hali kitu. Huishi kwa mafuta aliyokuja nayo mpaka atage mayai, mwezi wa Oktoba au Novemba. Basi mtamvuaje samaki asiyekula? Huvuliwa kwa nzi wa bandia, aliyefungwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoano. Kwa nini samaki humrukia nzi huyo, wenyewe hubishana mpaka leo. Kwa kazi ngumu kama hii mgeni huhitaji mwenyeji, na sheria ya jimbo lile humtaka mtu wa nje asivue samoni bila kiongozi mwenye leseni.

Mzee wangu alikuwa kiongozi wa namna hiyo kwa majira ya joto 41. Nilipomkuta alikuwa na umri wa miaka 78, naye alikwisha kuacha kazi. Huamka kabla ya jua, hunywa chai yake barazani huku akiutazama mto, kisha hushuka na mtumbwi, akiusukuma kwa pondo. Hachukui fimbo ya kuvulia. Huchukua kipimajoto na daftari. Katika daftari huandika kimo cha maji, joto lake, na samaki aliowaona. Nililifungua daftari lile, mistari imenyooka na tarehe zimefuatana, nikaona haya kwa ajili ya baadhi ya majalada niliyoyaacha ofisini.

Nilimwuliza sababu ya kazi hii isiyo na mshahara. Akanieleza hivi. Samoni hapendi maji ya moto. Joto likizidi nyuzi 20 hudhoofika, kwa kuwa maji ya moto yana hewa kidogo. Hapo hukimbilia mahali penye chemchemi au kijito cha maji baridi, wakajazana pale kama watu chini ya mwembe mchana wa jua. Kuwavua wakati huo ni rahisi, lakini hata akirudishwa majini, samaki aliyechoka hivyo aweza kufa. Kwa sababu hiyo usiku usipoyapoza maji, serikali hufunga baadhi ya vilindi. Maana samoni wamepungua sana. Tangu mwaka 1984 waliovua katika jimbo lile kwa fimbo waliamriwa kuwarudisha samoni wakubwa, na tangu mwaka 2015 samoni wote wa Miramichi, wakubwa kwa wadogo.

Basi zamani, akasema, kiongozi aliyezijua chemchemi za siri ndiye aliyepata wageni wengi. Yeye alizijua nyingi, wala hakumwambia mtu, hata mwenziwe waliyefanya kazi pamoja. Mwaka mmoja wa joto kali alilazwa hospitali mwezi mzima. Aliporudi akaenda kwenye chemchemi moja, akakuta samaki wamekufa. Watu walikuwa wamevua pale siku nyingi, wala hapakuwa na wa kuwazuia, kwa kuwa hakuna aliyejua ya kuwa mahali pale pastahili kulindwa. Tangu siku ile akachora ramani ya chemchemi zote, akawapa walinzi wa mto na vijana wa jirani.

Alipokwisha kusema nilinyamaza, maana alikuwa amenigusa. Wanachama wenzangu, nami nilikuwa na chemchemi zangu. Majalada ya zamani ya ofisi yetu niliyapanga kwa utaratibu wangu mwenyewe. Kila lilipotafutwa jambo husemwa, "Mwiteni Mzee," nami nilipenda kuitwa. Nilistaafu bila kuandika hata ukurasa mmoja. Baada yangu akaja mjane wa mwenzetu kutafuta karatasi za utumishi wa marehemu mumewe. Alizungushwa miezi kumi na mmoja, na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwisho mtu mmoja akakumbuka kuniuliza. Nililipata jalada lile kwa robo saa. Yule mama alinishukuru sana, na shukrani zake zaniuma mpaka leo.

Twadhani karani asiyeweza kukosekana ndiye karani bora, na hasa vijana hujificha nyuma ya dhana hiyo kwa hofu ya kupoteza nafasi zao. Naielewa hofu hiyo. Lakini anayelipa gharama ya siri zetu si mkubwa wa ofisi, ni mtu wa dirishani.

Kwa hiyo, Bwana Rais, natoa shauri moja mbele ya mkutano. Kila mwanachama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu aandike daftari la kazi yake: kitu gani kiko wapi, na kwa nini. Alisome pamoja na kijana atakayeshika nafasi yake. Mimi nimekwisha kuanza kuliandika la kwangu, ingawa nimechelewa, na Jumatatu nitalipeleka ofisini.