Dawa Inayosubiri Joto

Leo tunazungumzia dawa ya saratani inayofunguliwa kwa mawimbi ya sauti.

Dawa hiyo, doksorubisini, huua seli za saratani, lakini ikizunguka mwilini hunyonyoa nywele, huleta kichefuchefu na huweza kudhuru moyo. Ndiyo maana watafiti wameifungasha ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta, visivyoonekana kwa macho.

Mgonjwa hutundikiwa dripu, vifuko vikasambaa kwenye damu. Kisha mashine iliyo nje ya mwili huelekeza mawimbi ya sauti yasiyosikika kwenye uvimbe na kuupasha joto. Pale joto likipita nyuzi 39.5 hivi, kuta za vifuko hulegea na dawa humwagika hapohapo.

Mwaka 2018, watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio la njia hii kwa wagonjwa 10 wenye uvimbe wa saratani kwenye ini. Kwa dozi ileile moja, kiwango cha dawa ndani ya uvimbe kilipanda kwa wastani wa mara 3.7 baada ya mawimbi kuelekezwa.

Hayo ni matumaini ya kweli, ila jaribio lilikuwa dogo. Kwa hiyo, msikilizaji, usiache matibabu uliyoandikiwa ukisubiri haya. Na ukiona uvimbe usioisha, wahi hospitali.