Baraza Lilipoamua Mambo ya Gulio
(Mazungumzo ya wanachama wazee siku ya sherehe)



Tumeombwa sisi wenye umri mkubwa tuseme kidogo juu ya mabaraza ya zamani huku kwetu Ngara na Biharamulo. Tulijiuliza, kwani baraza na sanduku letu la hisa vinahusiana nini? Tulipokaa na kukumbushana tukaona vinahusiana sana.

Bibi zetu na mama zetu waliishi chini ya mabaraza ya machifu. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri za kila siku: upikaji wa pombe, ukataji wa miti, uchafuzi wa maji, mifugo. Utasema ni mambo madogo. Haya, kuni anatafuta nani? Kisimani anakwenda nani? Pombe ya ndizi walikamua wanaume, sawa, lakini ya mtama ilikuwa ya akina mama. Na barazani waliketi wanaume. Mama alipata habari jioni, bwana akirudi, kama amekumbuka kusema.

Machifu waliondolewa madaraka mwaka 1963. Halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa mwaka 1972 kwa mpango wa Madaraka Mikoani, enzi hizo mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi na Biharamulo ikifika mpaka Chato. Zilirudi mwaka 1984, na kodi ya maendeleo nayo ikaja. Hapo ndipo sisi wenyewe, watoto mgongoni, tulipoujua ushuru.

Sasa mtusikilize vizuri. Katika mji mdogo mmoja, jina lake tuliache, kikao kiliamua gulio lihame kutoka karibu na kisima, liende juu mlimani kando ya barabara. Walisema ni kwa ajili ya usafi, na hatuwalaumu, maji yale yalikuwa yanachafuka kweli. Ila hakuna aliyeuliza mkungu utapandaje mlima ule kichwani mwa mtu mwenye mimba. Tena ushuru ulitozwa pale pa kuingilia, kabla hujauza kitu. Huna hela, mgambo anabaki na mkungu wako. Mwenzetu mmoja aliuacha wake hapo asubuhi, akateremka kwenda kukopa kwa jirani. Aliporudi, wanunuzi wa lori wamekwishaondoka. Akarudi nyumbani na ndizi zake, na deni juu.

Tuliokuwa naye siku ile tukaanza kuchanga. Kila gulio mtu anatoa kidogo, tunaweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliyekosa ushuru analipiwa pale pale, anarudisha jioni. Hapakuwa na katiba wala daftari. Wanachama wapya mnaouliza kila mwaka kwa nini tuna mfuko wa dharura pembeni ya hisa, na kwa nini hatukubali ugawanywe, ndilo kopo lenyewe hilo.

Barazani pia tulikwenda, wanawake 7. Tukaambiwa tusubiri nje. Tulisubiri mpaka saa kumi, karani akatoka akasema shauri letu limekwisha kuzungumzwa. Halafu, magulio mawili baadaye, mwenye mkungu mmoja akaanza kutozwa akishauza. Yaani walitusikia, ila hawakutaka kutuona!

Mengi yamebadilika tangu hapo. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi wa kero, na viti maalum vimewaingiza wanawake katika halmashauri. Tunashukuru. Lakini anayepanga gulio likae wapi bado ni kikao, na kikao hukaa hata usipokwenda.

Mwezi ujao kuna mkutano wa hadhara juu ya vibanda vya soko. Wanachama 11 wana mikopo yetu ndani ya vibanda hivyo. Wakihamishwa bila kupewa nafasi nyingine, deni litabaki kwenye daftari letu sote. Tunaomba kila mmoja aje. Atakayeuguliwa na mtoto amwarifu Katibu mapema, tujue tuko wangapi. Na safari hii tuwahi, tukae mabenchi ya mbele.