Habari Zilizomo Katika Choo cha Mtoto Mchanga

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mwanza)



Twajua ya kuwa jambo tulilolichagua leo si la kunenwa mezani. Wako watakaocheka, na wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Lakini mtoto mchanga hawezi kusema, "Tumbo laniuma," wala hawezi kuonyesha kwa kidole mahali pa ugonjwa wake. Ana kilio, ana joto la mwili, na ana choo. Sisi makarani twaheshimiwa kwa kuwa hatupitishi karatasi bila kuisoma. Basi haifai winda la mtoto wetu lipite mbele ya macho yetu kila siku bila kutazamwa.

Kwanza yatupasa kujua choo cha mtoto mwenye afya. Siku ya kwanza mtoto hutoa choo cheusi, kizito, chenye kunata kama lami. Hayo ni mabaki ya siku alizokaa tumboni mwa mama yake, wala si ugonjwa. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, husaidia kukisukuma nje, nayo ni chakula na kinga pia. Kuyakamua na kuyamwaga ni hasara kubwa. Siku ya tatu au ya nne choo hugeuka kuwa cha kijani, na yapata siku ya tano huwa cha manjano, chepesi, chenye chembechembe kama mbegu ndogo. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama tu aweza kupata choo mara nyingi kwa siku, naye ni mzima. Na akiisha kupita majuma sita aweza kukaa siku kadhaa bila choo, naye ni mzima vilevile, maadamu ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, na choo chake kikija ni laini. Rangi ya manjano, ya kijani na ya kahawia zisitutie hofu.

Lakini mtoto akipitisha siku nzima tangu kuzaliwa bila kutoa kile choo cheusi, na hasa tumbo likivimba au akitapika matapishi ya kijani, apelekwe hospitali pasipo kungoja. Huenda njia ya haja haikufunguka. Au huenda ni ugonjwa ulioelezwa na daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, mwaka 1886, ambao sehemu ya utumbo hukosa neva za kuuendesha. Yote mawili ni kazi ya daktari wa upasuaji, wala hayaondoki kwa mafuta ya kunywa wala kwa kukandwa tumbo.

Sasa ziko rangi tatu za kuogopwa: nyeupe, nyekundu, na nyeusi iliyorudi baada ya siku zile za kwanza.

Choo cheupe, au cha rangi ya udongo wa mfinyanzi, ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, kwa sababu mtoto mwenyewe aweza kuonekana mnene na mchangamfu. Choo hupata rangi yake kwa nyongo itokayo katika ini. Mifereji ya nyongo ikiziba, choo hupauka, mkojo huwa wa rangi nzito, na macho hubaki ya manjano hata baada ya majuma mawili. Jirani husema, "Mwanikeni juani, yatakwisha." Na huku ini linaharibika. Daktari Morio Kasai wa Japani alitangaza mwaka 1959 njia ya kupasua na kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipite. Na imejulikana ya kuwa kazi hiyo hufaa zaidi ikifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Huko Taiwan, tangu mwaka 2004, wazazi wa nchi nzima hupewa kadi yenye picha za rangi za choo, wapate kulinganisha winda na picha. Sisi tusio na kadi hiyo tuna macho. Siku 60 ni chache, na anayezihesabu ni mzazi.

Choo chenye damu na makamasi, pamoja na homa, mara nyingi ni kuhara damu. Mmoja wa vijidudu vyake uligunduliwa na Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Mtoto huyo ataka dawa kutoka kwa mganga wa zahanati, si vidonge vya kubahatisha kutoka dukani. Iko na damu ya namna nyingine: mtoto wa miezi mitano au tisa hivi anapiga kelele ghafula, anakunja miguu tumboni, ananyamaza, kisha anaanza tena, halafu choo chatoka kama rojorojo ya damu. Hapo utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa kanzu ulioingizwa ndani yake wenyewe. Usiku huohuo apelekwe hospitali. Na choo cheusi kama lami kwa mtoto aliyekwisha kuacha kile cha kwanza chaweza kuwa ni damu iliyotoka juu tumboni. Naye pia asicheleweshwe.

Tuje sasa katika adui mkubwa, kuharisha. Choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, kisicho desturi ya mtoto huyo, ni kuharisha. Kikiwa kama maji ya mchele, na hasa wakati wa kipindupindu, kama mwaka 2015 kilipoenea katika mikoa mingi, Mwanza ikiwamo, hata saa moja ni nyingi. Kinachoua hasa ni kupungukiwa na maji mwilini. Tazameni utosi kama umebonyea, macho kama yamedidimia, kinywa kama kimekauka, winda kama halina mkojo. Finyeni ngozi ya tumbo taratibu: ikikawia kurudi mahali pake, au mtoto akilegea asiweze kunyonya, safari ya hospitali ianze, naye aendelee kupewa maji njiani.

Dawa ya nyumbani yajulikana. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dawa ya maji ya mishipa. Akachanganya maji, chumvi na sukari, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Hiyo ndiyo dawa ya pakiti itolewayo zahanati. Ichanganywe kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe nusu kikombe au pungufu kidogo kila baada ya kuharisha, kijiko kwa kijiko; akitapika, ngojeni dakika kumi mkaanze tena polepole. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji hayo hutiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Pamoja na hayo hutolewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Na ziwa la mama lisiondolewe hata siku moja.

Ndugu zetu, yako maneno mawili yanayowachelewesha watoto wetu njiani. La kwanza ni "meno ya plastiki," lililoenea Tanzania tangu miaka ya 1980. Mtoto akiharisha na kuwa na homa, husemwa ana meno mabaya, na vichipukizi vya meno yake hung'olewa kwa chuma kisicho safi. Mtoto aliyekuwa na ugonjwa mmoja hupata wa pili: damu kumwagika, jeraha kuoza, pepopunda. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu kinywani. Uchafu huingia kwa njia hiyo.

La pili ni "amebemendwa," yaani wazazi wamevunja mwiko wa unyumba wakati wa kunyonyesha. Neno hili lina sumu. Mume humshitaki mkewe, mama mkwe huunga mkono, na mama huficha ugonjwa wa mtoto kwa aibu, au humwachisha ziwa kwa hofu, wakati ambapo ziwa ndilo limshikalo hai. Mwenye elimu akilisikia nyumbani mwake akanyamaza, amelipitisha kwa muhuri wake. Mume na aseme waziwazi mbele ya jamaa: mke wangu hana kosa, twende zahanati.

Na sisi tuishio kando ya Ziwa tuna wajibu zaidi. Wengi hudhani choo cha mtoto mchanga hakina madhara, wakafua winda palepale yachotwapo maji. Choo cha mtoto hueneza ugonjwa kama cha mtu mzima. Kichocho cha tumbo pia hupita kwa njia hii: mayai huanguliwa majini, vijidudu huingia katika konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu, hata ya mtoto mchanga aogeshwaye kwa maji yaliyochotwa ufukoni. Choo na kitupwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni. Tena mtoto asikose chanjo ya kuharisha, ambayo hutolewa kwa matone ya kinywani nchini mwetu tangu mwaka 2013.

Neno la mwisho. Muuguzi huuliza: Tangu lini? Mara ngapi? Rangi gani? Iko damu? Mara nyingi baba hujibu, "Mwulizeni mama yake," na mama naye alikuwa Mwaloni akiuza dagaa, na ajuaye ni yaya aliyebaki nyumbani. Twapendekeza kila mwanachama mwenye mtoto mchanga aweke daftari dogo karibu na kitanda, atie humo tarehe, mara na rangi, siku mtoto anapougua. Ni kazi tuifanyayo ofisini kwa mali ya watu wengine. Tuifanye na nyumbani kwa damu yetu.

 Mwenye swali na aulize bila haya.