Upatanisho wa Ngeli katika Ujumbe wa Hitilafu wa Linux

Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, mjadala wa Kiswahili na teknolojia umeelemea mno upande wa istilahi: kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mhadhara huu unauweka kando mjadala huo. Mtu ambaye kompyuta yake ya mezani yenye Linux imekwama hasumbuliwi na jina la mashine. Anasumbuliwa na sentensi iliyo mbele ya macho yake, na sentensi ni suala la sarufi.

Programu nyingi za Linux hutumia gettext, yaani utaratibu unaooanisha ujumbe asilia, aghalabu wa Kiingereza, na tafsiri yake. Mtumiaji akiweka LANG=sw_TZ, programu huitafuta tafsiri; ikikosekana, Kiingereza hujitokeza bila onyo. Ndiyo maana skrini moja huweza kusema lugha mbili. Katika Debian, kama sw_TZ haijatayarishwa kwa amri ya locale-gen, Kiswahili hakionekani kabisa, na lawama humwangukia mfasiri asiye na hatia.

Ugumu wenyewe umo katika alama %s, inayoshika nafasi ya nomino itakayojulikana baadaye. Gettext huuliza idadi, hivyo "Faili 1 limefutwa" na "Mafaili 2 yamefutwa" huwezekana. Haiulizi ngeli. Mfasiri anayeandika "%s haikupatikana" amepatia kwa nywila, lakini amekosea kwa kifaa na kwa mtumiaji. Wengi hukimbilia "Hakuna %s", kwa kuwa hakuna haidai upatanisho na nomino hiyo.

Hapo ndipo njia ya mkato ya kisarufi inapozaa kosa la kifundi. Mtu akichapa jina tupu la amri, Bash huitafuta katika makabrasha yaliyotajwa kwenye PATH. Ikiikosa, hueleza kwamba amri haikupatikana. Yamkini amri ipo, ila PATH haielekezi iliko. Akichapa njia kamili yenye mikwaju na faili likawa halipo, huambiwa kwamba hakuna faili wala kabrasha la namna hiyo. Ujumbe wa kwanza humtuma akague PATH. Wa pili, akague njia aliyoichapa. "Hakuna" ikitumika kotekote, atasakinisha upya programu ambayo tayari anayo.

"Imeshindikana kupata %s" ni afadhali, maana huhifadhi dhana ya kutafuta. Hata hivyo, nomino za viumbe hudai kiambishi cha yambwa: kumpata mtumiaji. Ujumbe unaohusu watu hauna budi kuandikwa peke yake, na uamuzi huo ni wa mwandishi wa programu, kabla mfasiri hajafikiwa. Kwa sasa, fundi anayetilia shaka tafsiri anaweza kuitanguliza amri yake kwa LC_ALL=C, akausoma ujumbe asilia na kuulinganisha.