NYUKI HALI MZINGA, ANAKULA MAUA
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Ekerenyo)



Vikundi vingi huchanga pesa, hununua mizinga, hupaka nta na kuitundika. Nyuki wanaingia, na baada ya miezi michache wanahama. Hapo lawama huanza: mweka hazina alinunua mizinga mibaya, fundi alitudanganya. Kikundi kinaweza kuvunjika hivyo. Ni kweli siafu nao hufukuza nyuki. Lakini kabla hatujagombana tuulize: nyuki huyo alikuwa anakula nini?

Tazameni milima yetu. Ni kijani kila mahali, lakini kijani si chakula cha nyuki. Majani chai tunayachuma yakiwa machanga, kwa hiyo mti hauchanui sana. Nepia tunamkatia ng'ombe mapema. Mahindi yana unga wa maua, lakini hayana maji matamu ya kutengeneza asali. Basi nyuki anakaa wakati maharagwe na kahawa zinachanua, halafu anaondoka.

Mtu ataniuliza: "Dada, mimi nina robo eka. Nikipanda maua, watoto watakula nini?" Swali hilo ni la haki. Sisemi ung'oe mahindi. Tumia pembeni:

1. Kwenye ua na kingo za matuta panda kaliandra. Ng'ombe anakula majani, nyuki anapata maua. Ila acha sehemu moja usiikate, ichanue.

2. Mpakani acha omosocho na mgrevilea. Ongeza parachichi: nyuki anakula, na wewe unapata matunda zaidi, maana parachichi linamhitaji nyuki.

3. Alizeti usiipande yote siku moja. Panda mistari michache, na baada ya wiki tatu mingine, ili maua yafuatane.

4. Kishona-nguo kilicho kando ya njia kiache kichanue kwanza. Kifyeke kabla mbegu hazijakomaa, kisije kikaingia shambani.

Kila mmoja akipanda kidogo inasaidia, kwa sababu nyuki huruka hata kilomita mbili au tatu. Yeye hajui mpaka wa shamba. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa unayonyunyizia maharagwe yako yakiwa na maua inaweza kuua nyuki wa jirani. Usinyunyize wakati wa maua. Ikibidi kabisa, ngoja jioni nyuki wakisharudi.

Mizinga iwe mbali na njia, shule na zizi, maana nyuki wetu ni wakali. Maji yawe karibu.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila mwanachama aandike ni mmea gani unaochanua kwake kila mwezi. Katika mkutano ujao muunganishe orodha zenu. Mwezi mtakaoukuta hauna ua, huo ndio mwezi wa njaa. Pandeni kwa ajili ya mwezi huo kwanza, halafu ndipo mfungue sanduku la pesa mnunue mzinga.