DAMU KATIKA MIKOJO: MUSINGOJE

Munakuja hapa kupimisha watoto kilo, lakini mwili wa mama vilevile unafaa kuangaliwa. Leo tunazungumza juu ya kibofu, ndio mufuko unaochunga mikojo.

Mwili umejengwa na chembe ndogo sana zisizoonekana na macho. Chembe inajigawanya, ya zamani inakufa. Ndani yake kuna proteini zinazofanya kazi ya ulinzi. Mulinzi mumoja anaitwa p53. Wataalamu walimuvumbua mwaka 1979. Chembe ikiharibika, p53 anaisimamisha mpaka itengenezwe. Isipotengenezeka, anaifanya ife. Basi mulinzi huyu mwenyewe akiharibika, chembe mbaya zinaweza kuongezeka bila kizuizi. Hivi kansere inapata njia.

Nini inaleta kansere ya kibofu? Ya kwanza ni tumbako. Sumu ya moshi inaingia katika damu, figo zinaichuja, halafu inakaa pamoja na mikojo ndani ya kibofu. Ya pili ni bilarzia ya mikojo, inayopatikana mutoni na ziwani penye konokono. Mayai ya mududu yanaumiza ukuta wa kibofu miaka mingi. Mwaka 1911, kule Kairo, muganga Ferguson aliandika juu ya wagonjwa wenye bilarzia na kansere ya kibofu pamoja.

Je, waganga wanaweza kujua kansere ya mutu itakuwa kali namna gani? Wanakata kipande kidogo, wanakitia dawa ya rangi, wanakitazama kwa mikroskopi. Mulinzi muzima haonekani sana, maana akimaliza kazi anaondolewa upesi. Mulinzi aliyeharibika mara nyingi anarundikana, na rangi inamuonyesha. Mwaka 1994, waganga wa Los Angeles, Marekani, walitangaza habari ya wagonjwa 243 waliotolewa kibofu. Wale wenye p53 iliyorundikana, kansere yao ilirudi zaidi. Lakini uchunguzi uliofuata haukupatana wote. Kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi kuamua.

Jambo kubwa ambalo muganga anatafuta ni hili: kansere ingali katika ngozi ya ndani tu, ao imekwisha kuingia katika nyama ya kibofu? Ikiwa iko juu tu, mara nyingi wanaikwangua kupitia njia ya mikojo, na kibofu kinabaki. Inaweza kurudi, kwa hiyo mugonjwa anaendelea kupimwa. Ikiwa imeingia katika nyama, mara nyingi inafaa kutoa kibofu kizima, ao kutumia mionzi na dawa kali.

Wamama, mulinzi wa chembe hamuwezi kumuona. Damu munaiona. Kansere hii mara nyingi haiumi mwanzoni. Damu inatoka leo, kesho inakoma, mama anasema: «Nimepona.» Mwingine anazani ni damu ya mwezi. Miezi inapita, na kansere inashuka ndani.

Tena musiogope bule. Si kila damu ni kansere. Inaweza kuwa bilarzia, ao mawe, ao ugonjwa mwingine wa mikojo wenye dawa. Kipimo ndicho kitasema.

Mushike haya:

1. Ukiona damu katika mikojo, hata mara moja tu, hata bila maumivu, njoo. Mama aliyekwisha kukoma kuona mwezi, asikawie hata kidogo.

2. Mutoto akikojoa damu, musiseme anakomaa tu. Mumulete apimwe, bilarzia iko na dawa, ndiyo prazikanteli.

3. Damu ikirudi nyuma ya dawa, rudi hospitali. Usinunue tena dawa ile ile sokoni.

4. Bwana anayevuta tumbako, mwambie kwa upole aache. Kansere hii inashika wanaume kupita wanawake. Akikojoa damu na kuficha kwa haya, wewe ndiwe utamusindikiza.

Anayekuja mapema anamuachia muganga nafasi ya kuchunga kibofu. Mupelekee jirani habari hii.