Vyeti Viko Sandukuni



Juzi mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia: "Mimi, mwanangu, ya Mungu nimeyamaliza. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa kanisani. Vyeti vyote viko sandukuni." Nikamuuliza habari za mdogo wake, ambaye hawajasalimiana kwa miaka mingi kwa sababu ya kiwanja. Akanyamaza.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korintho, aliwatolea mfano wa wanariadha. Mfano huo hakuuokota hewani. Karibu na mji wao, kila baada ya miaka 2, ilifanyika michezo mikubwa ya Isthmia. Wakorintho waliwafahamu watu waliojinyima mengi na kufanya mazoezi makali ili wavikwe taji la majani, ambalo hunyauka. Paulo akawaambia kwamba taji letu sisi halinyauki. Kisha akaongeza neno la kutisha: hata yeye aliutiisha mwili wake, asije akawahubiria wengine halafu mwenyewe akakataliwa. Ikiwa Paulo hakujiona amemaliza, mimi na wewe tumemaliza lini?

Ubatizo, ndugu yangu, ni kuandikishwa katika mbio. Tunaandikishwa kwa neema, wala hakuna anayelipa kiingilio. Lakini mtu haandikishwi ili akae kitako.

Na mazoezi yenyewe ni ya kila siku. Ni kusali kabla ya kukimbilia daladala. Ni kusoma Neno, hata kama ni aya chache. Ni kumrudishia mwenye duka chenji aliyokuzidishia. Ni kumsamehe aliyekuudhi jana, na akikuudhi tena leo, kuanza upya. Moyo usiozoezwa kusamehe hukakamaa kama mguu usiotembea.

Labda utasema: mimi nimekwisha anguka mara nyingi. Basi mkumbuke Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda. Ikapita zaidi ya saa nzima, giza likaingia, watazamaji wengi wakaondoka. Ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wengine waliokuwa wameanza naye waliishia njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, bali kuzimaliza.

Uvumilivu ule hakuupata jioni ile. Alikuwa nao tangu alipotoka nyumbani.

Mbele yetu sisi kuna umilele. Cheo, fedha na kile kiwanja kinachogombewa vitabaki huku. Tutakachovuka nacho ni moyo, kama tulivyouzoeza: kupenda au kuchukia.

Mzee wangu, kama unanisikiliza, vyeti viache sandukuni, vipo salama. Kwa mdogo wako unakujua. Zoezi lako la leo ni kwenda kupiga hodi.

Mungu akubariki. Tukutane tena juma lijalo.